"Nataka Nyumba Yangu": Usifungashe Virago Kabla Hujasoma Hii



Leo tuongee mambo ya keja.

Alhamisi moja jioni, kijana wa boda hapa Keringet alirudi nyumbani akakuta mlango haupo. Haukuvunjwa. Uling'olewa na bawaba zake, ukabebwa hadi kwa mwenye ploti, ukaegemezwa ukuta wa jikoni kwake. Mke wa kijana alikuwa ndani na mtoto wa miezi minne, wamejifunika blanketi moja, na nyinyi mnajua baridi ya huku kwetu ikishafika saa moja usiku. Chumba chenyewe ni cha mabati, kodi shilingi 1,800 kwa mwezi. Jumapili iliyotangulia mzee alikuwa amemwambia, "Kijana, mtoto wangu anarudi kutoka Nairobi. Nataka nyumba yangu." Basi. Siku nne baadaye mlango ukaenda.

Kijana akanipigia simu. Na hapa nikiri kosa langu, kwa sababu nimeona wengi wetu tukilifanya. Kwa hasira nikamwambia, "Usilipe kodi mwezi ujao mpaka mlango urudi." Akanisikiliza. Tarehe 1 ikapita, tarehe 5 ikapita. Tulipofika kwa chifu, mzee hakuongea kabisa mambo ya mlango. Alisema, "Huyu hajalipa kodi." Na kweli alikuwa hajalipa. Kesi ya mlango uliong'olewa ikageuka kesi ya mpangaji mwenye deni, na mimi ndiye niliyemtia deni hilo. Tulipoteza karibu wiki mbili kurekebisha maneno yangu ya dakika moja. Tangu siku hiyo nimekaa chini nikasoma hizi sheria, nikauliza wanaojua, na haya ninayowaandikia ndiyo niliyotamani kuyajua Alhamisi ile.

Tuanze na ukweli ambao hatupendi kuusikia. Nyumba ni ya mwenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inalinda mali yake kama inavyolinda pikipiki yako. Mzee akistaafu anaweza kutaka kurudi kwake. Binti yake akiachika na watoto watatu, mzee atamweka wapi? Baadhi ya baba zetu na mama zetu wana ploti pia, na nimesikia mpangaji Muislamu akimwambia mwenye nyumba Muislamu mwenzake "sitoki, fanya utakalo", kodi miezi mitano hajalipa. Hilo halitetewi hapa. Mwenye nyumba anaweza kuitaka nyumba yake irudi. Swali ni moja tu: anairudisha kwa njia gani, na kwa muda gani.

Wengi wetu tunaamini kwamba bila karatasi huna haki. "Hatukuandikiana, kwa hivyo akisema toka natoka." Hapana. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali mkataba wa mdomo kwa upangaji mfupi, ule wa miaka 2 kushuka chini. Ukishaingia, ukalipa, akapokea, wewe ni mpangaji. Na kama hamkusema mtakaa muda gani wala notisi itakuwa ya muda gani, sheria inaangalia mnalipa kodi kila baada ya muda gani. Unalipa kwa mwezi? Basi upangaji wenu ni wa mwezi hadi mwezi, na yeyote kati yenu akitaka kuuvunja lazima ampe mwenzake notisi isiyopungua mwezi mmoja. Unalipa kwa wiki, kama wale wanaolala karibu na soko wakati wa kuvuna viazi? Basi ni wiki.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakijui. Hiyo notisi haiishii tarehe yoyote tu. Lazima iishie kwenye siku ya kulipa kodi. Hebu tupige hesabu. Siku yenu ya kodi ni tarehe 1. Mzee anakwambia tarehe 10 Machi uhame. Mwezi mzima unakupeleka tarehe 10 Aprili, lakini hiyo si siku ya kodi, kwa hivyo notisi inakufikisha tarehe 1 Mei. Hizo ni wiki saba na siku kidogo, na mtu wa boda au mama wa viazi akiwa na wiki saba anaweza kutafuta chumba, kuongea na mwalimu kuhusu shule ya watoto, kuweka depoziti kidogo kidogo. Akiwa na siku nne anaishia kwa shemeji, watu wanane chumba kimoja.

Na hii inakubana wewe pia. Ukihama usiku bila kusema, umevunja sheria ile ile. Usimdai mzee notisi ya mwezi na wewe ulihama keja ya mwisho saa tisa usiku na godoro kichwani.

Kama mlitia sahihi mkataba wa mwaka mmoja, mambo ni tofauti. Hapo "nataka nyumba yangu" haina nguvu kabla ya mwaka kuisha, isipokuwa mkataba wenyewe una kipengele cha kuuvunja mapema. Soma mkataba wako. Najua uliuweka sahihi ukiwa umesimama mlangoni, funguo mkononi, vitu viko kwa pikapu na dereva anapiga honi. Usome leo.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote. Kuna sheria ya zamani Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ya tangu 1959, kabla ya uhuru. Inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani sana na hakijabadilishwa. Mijini watu wanaicheka. Nakuru, Nairobi, Mombasa, ni nani analipa 2,500? Mawakili wengine hata hawaitaji. Lakini hebu wewe fikiria unalipa ngapi. Chumba kimoja Keringet, Olenguruone, Kuresoi senta, Sirikwa, Kiptagich. Elfu moja mia tano. Elfu mbili. Elfu mbili na mia tano. Sheria ambayo jirani yetu wa Nakuru mjini anayelipa 9,000 hawezi kuitumia inamgusa moja kwa moja kijana wa Keringet anayelipa 1,800. Na hajui. Mwenye ploti hajui. Tuseme ukweli, hata baadhi ya wale tunaowapelekea kesi zetu hawajui.

Sheria hiyo inasemaje? Inasema mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji wa namna hii bila amri ya tribunali ya kodi za nyumba, ambayo leo iko chini ya Idara ya Mahakama. Notisi peke yake haitoshi. Na tribunali haitoi amri kwa sababu mzee amechoka na sura yako. Kuna sababu zilizotajwa, kama kutolipa kodi, kuharibu nyumba au kusumbua majirani, na ndiyo, ipo pia ile ya mwenye nyumba kuihitaji akae mwenyewe na familia yake. Lakini akiileta hiyo lazima aonyeshe kwamba kweli anaihitaji, na tribunali ipime kama ni haki kumpa. "Nataka nyumba yangu" inakuwa dai la kuthibitishwa mbele ya watu wengine, na mpangaji anasikilizwa pia.

Sheria hiyo hiyo inafanya kuwa kosa la jinai kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame au akubali kodi kupanda. Kukata stima. Kufunga maji ya tangi. Kung'oa mabati siku ya mvua. Mlango.

Wale mnaolipa zaidi ya 2,500, walimu, wauguzi, vijana wa ofisi za kaunti wanaokaa kwenye nyumba za mawe, msidhani mko uchi. Sheria ya Ardhi inawalinda kwa ile notisi niliyoeleza, na inasema kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa na mwenye nyumba. Akikutoa kinyume cha mkataba, papo hapo unaacha kudaiwa kodi ya muda unaofuata. Ukitaka kesi ya amri ya kumzuia, mahakama ya Molo iko karibu, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Nakuru.

Na kuna kitu kinachowahusu wote, wa 1,500 na wa 15,000. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 90. Mtu akiingia kwa nguvu mahali ili achukue umiliki, akavunja mlango au akatisha watu, amefanya kosa. Na kifungu kinaendelea kusema kwamba haijalishi kama alikuwa na haki ya kuingia hapo au hakuwa nayo. Msome tena hapo. Mtu anaweza kushtakiwa kwa kuvunja mlango wa nyumba yake mwenyewe, kama ndani kuna mpangaji. Kwa hivyo ukienda kituoni na askari akakwambia "hii ni kesi ya madai, nenda kortini", mwambie kwa heshima, "Afande, naelewa, lakini mlango umevunjwa na nimetishwa, naomba iandikwe OB." Usigombane naye. Chukua namba ya OB, iandike kwa simu, nenda zako. Namba hiyo utaihitaji.

Sasa, nani hasa ni mwenye nyumba? Mnacheka, lakini nusu ya kesi ninazoletewa zinaanzia hapa. Mzee amefariki. Arubaini haijafika, mtoto wa kwanza anakuja na lori, anasema baba alisema nyumba ni yangu, tokeni. Wiki inayofuata anakuja wa mke wa pili, anasema kodi nilipeni mimi. Mpangaji amesimama katikati, kodi mkononi, hajui ampe nani. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kugusa na kusimamia mali ya marehemu kabla hajapewa idhini na mahakama. Ni kosa kabisa. Hata kama marehemu ni Muislamu na mirathi inagawanywa kwa sheria yetu mbele ya Kadhi, bado msimamizi wa mali anatakiwa awe na hati. Kwa hivyo muulize huyo ndugu kwa upole, "Pole kwa msiba, kaka. Naomba kuona barua ya usimamizi kutoka mahakamani." Kama hana, hawezi kukupa notisi. Kodi iweke kando, kila mwezi, isiguswe. Usiile. Wenyewe wakikubaliana au mahakama ikiamua, unaitoa yote, hakuna wa kukuita mdaiwa.

Ikiuzwa je? Aliyenunua anakuja na kusema mimi ni mpya, mambo yako na yule wa zamani hayanihusu. Yanamhusu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema upangaji wa mwezi hadi mwezi na mikataba ya miaka 2 kushuka chini inabaki juu ya ardhi hata kama haikuandikwa kwenye hati. Amenunua ploti na wewe ndani yake. Akitaka utoke atakupa notisi kama ambavyo yule wa kwanza angekupa. Cha kufanya ni kumuuliza yule wa kwanza depoziti yako ameikabidhi kwa nani, na kupata jibu hilo kwa meseji.

Wenye maduka, nyinyi mko kwenye sheria nyingine, Sura ya 301, ya maduka, hoteli na mikahawa. Kama hamkuandikiana, au mliandikiana kwa miaka 5 kushuka chini, upangaji wako unalindwa. Mwenye jengo lazima akupe notisi ya maandishi, kwenye fomu maalum ya sheria, isiyopungua miezi 2, na aeleze sababu. Akisema anataka kukaa au kufanya biashara yake mwenyewe hapo, lazima awe anakusudia kukaa si chini ya mwaka mmoja. Wewe una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au la, na ukikataa unapeleka mambo kwenye tribunali ya majengo ya biashara kabla ya tarehe ya kuhama kufika. Ukinyamaza, notisi inashika. Wengi wetu tunalala nyuma ya duka, kitanda kiko nyuma ya magunia ya unga. Kama mahali hapo kwa sehemu kubwa ni duka, sheria yako ni hii ya 301, usiende kutafuta ile ya 296.

Na hapa niseme jambo linalotuhusu sisi hasa. Vyumba vya swala na madrasa. Senta nyingi za huku hatuna msikiti, tumekodi chumba juu ya duka au nyuma ya hoteli. Chumba cha swala si nyumba ya kuishi, kwa hivyo Sura ya 296 haikiangalii. Si duka wala hoteli, kwa hivyo ya 301 haikiangalii pia. Kinabaki na Sheria ya Ardhi peke yake, na kama mnalipa mwezi hadi mwezi kwa mkono, mwenye jengo anaweza kukichukua kwa notisi ya mwezi mmoja na hakuna sheria amevunja. Mazulia, spika, vitabu vya watoto, vyote nje. Halafu tunaandika kwenye kurasa kwamba Uislamu umeshambuliwa. Wakati mwingine mtu alitaka tu chumba chake. Kamati zetu ziandike mkataba wa miaka 2, kwa jina la kamati, siyo jina la mzee mmoja ambaye kesho atahama au atafariki. Mkitaka miaka mingi zaidi, lazima uandikwe vizuri na usajiliwe, tafuteni wakili. Aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani, ile ya Suratul Baqarah, inazungumzia kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Tunaisoma darsani halafu tunakodi chumba cha madrasa kwa neno la mdomo.

Sasa Kuresoi yenyewe. Huku neno "hama" lina uzito mwingine. Mtu wa Kilifi akiambiwa ahame nyumba anawaza nauli ya mkokoteni. Mtu wa hapa anawaza 1992, 1997, na 2007 kuingia 2008. Anawaza karatasi zilizoachwa usiku milangoni. Wazee wana kumbukumbu ya nyuma zaidi. Olenguruone, 1941, serikali ya mkoloni ilileta familia za Wakikuyu waliokuwa maskwota, ikawapa mashamba. Serikali ikasema nyinyi ni wapangaji wetu, mtakaa kwa masharti yetu. Wao wakasema hii ni fidia ya ardhi yetu mliyochukua, ni yetu. Wakakataa kutia sahihi masharti, wakala kiapo cha umoja. Kufikia 1950 walikuwa wamefurushwa, wengi wakapelekwa Yatta. Mtu anaweza kukaa mahali miaka tisa, azae hapo, alime hapo, na bado asikubaliane na anayejiita mwenye mali kama yeye ni mpangaji au ni mwenyeji. Maswali hayo huku hayajaisha, na ndiyo maana ugomvi wa chumba cha 1,800 unaweza kuwaka haraka kuliko unavyodhani.

Kwa hivyo kuweni makini na midomo na simu zenu. Mtu akipewa notisi asikimbilie kwenye grupu la WhatsApp kuandika "wanatufukuza". Kina nani wanafukuza kina nani? Ploti ina vyumba nane. Ametolewa nani? Kama ni wewe tu na mpangaji mwingine wa kabila lako au dini yako, na wengine wameachwa, hilo ni jambo zito. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila Mkenya haki ya kuishi mahali popote Kenya, kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza ubaguzi wa kikabila katika kusimamia na kutoa mali. Tuletee ushahidi, tutakwenda nawe mpaka mwisho. Lakini kama vyumba vyote nane vimepewa notisi kwa sababu mzee anabomoa ajenge nyumba ya mawe, basi ongea habari ya notisi, usiongee habari ya kabila. Nimewahi kumwomba ndugu afute posti ya namna hiyo saa sita usiku. Alifuta. Kufikia hapo watu walikuwa wameshaisambaza.

Pia msichanganye haya na habari za Mau. Wanaoambiwa watoke msituni, au kwenye ardhi wanayodaiwa kuingia bila ruhusa, wana utaratibu wao tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016, na notisi yao ni ya miezi 3. Mpangaji wa chumba si mvamizi. Akikuita hivyo mbele ya chifu, mkatalie.

Ukipewa habari ya kuhama leo, fanyaje? Kwanza usipandishe sauti. Sema, "Sawa mzee, nimesikia, naomba uniandikie na uweke tarehe." Akikataa, wewe mwandikie meseji jioni hiyo: "Mzee, leo tarehe fulani umeniambia nihame kufikia tarehe fulani kwa sababu fulani. Nimepokea." Hata asipojibu, imeandikwa. Halafu endelea kulipa kodi, kwa M-Pesa, siku ile ile. Nimeshawaambia yaliyonipata mimi na ushauri wangu. Akikataa kupokea, akirudisha pesa, tunza ile meseji ya kurudishwa. Piga picha za chumba, ukuta, mlango, mita ya stima. Tafuta jirani mmoja atakayekubali kusema alichoona.

Chifu na wazee wa Nyumba Kumi ni wa kupatanisha. Waheshimu, nenda kwao kwanza, mara nyingi mambo yanaisha hapo kwa chai. Lakini chifu hana mamlaka ya kukutoa kwenye nyumba, na barua yake si amri ya mahakama. Madalali nao wanahitaji leseni na wanahitaji karatasi. Mwenye nyumba anayedai kodi anaweza kutumia dalali mwenye leseni kukamata mali, lakini nguo zako na godoro lako haviguswi, na kukamata mali si kufunga nyumba.

Depoziti. Hiyo ndiyo inaumiza wengi mwishoni. Umehama vizuri, funguo umerudisha, mzee anasema "rudi mwisho wa mwezi", mwezi haufiki. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya 2016, inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Najua mtu atasema, niende kortini kwa sababu ya 1,800? Nauli peke yake inakula nusu. Ni kweli. Ndiyo maana wengine tunawashauri waende watatu wanne waliodhulumiwa na ploti moja, siku moja. Na mara nyingi mzee akijua mnajua njia ya Molo, M-Pesa inaingia kabla hamjapanda matatu.

Ambaye ana notisi mkononi sasa hivi, atutumie picha yake kwenye meseji za ukurasa huu, na tarehe anayolipa kodi, na kiasi. Funika majina. Usitume kwenye komenti.

Mnauliza yule kijana wa boda aliishia wapi. Tulilipa ile kodi iliyochelewa kwa mchango, mimi nikiwa wa kwanza kutoa kwa sababu ni deni langu. Tukarudi kwa chifu na picha ya pale mlango ulipokuwa, namba ya OB, na meseji za M-Pesa za miezi kumi na moja. Mlango ukarudishwa siku hiyo hiyo, fundi akalipwa na mzee. Hatukufika kwenye tribunali. Kijana mwenyewe hakutaka. Alisema hawezi kukaa na mtu aliyemng'olea mlango mtoto wake akiwa ndani, akaomba tu apewe muda wake. Akapewa mpaka tarehe 1 iliyofuata notisi kamili, akahama mchana, funguo akakabidhi mbele ya mzee wa mtaa. Depoziti ilirudi kwa M-Pesa, mara mbili, mia tisa na mia tisa.

Mtoto wa mzee hajaonekana kutoka Nairobi hadi leo. Kile chumba kina mpangaji mwingine. Analipa 2,500.